Tulipoamua kumpeleka Susu baharini

Jumapili moja ya mwezi wa Februari mwaka jana, jamaa yetu ilikutana nyumbani kwa mama mjini Machakos kujadili jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulijadili hata siku moja, yaani likizo. Katika ukoo wetu, na sidhani tuko peke yetu, safari huwa ni za aina tatu tu. Kuna ya matanga, kuna ya harusi, na kuna ile ya Krismasi ambapo watu wa Nairobi hurejea mashambani na mikate na mafuta ya kupikia. Kwenda mahali kwa ajili ya kwenda tu, pasi na maiti wala bi harusi, lilikuwa wazo geni.

Aliyelileta wazo hilo ni binti yangu wa miaka tisa. Alikuwa amesikia shuleni kwamba kuna kisiwa hapa Kenya ambako punda ndio magari, akaja nyumbani akatangaza kuwa ni lazima akione. Kabla sijamjibu akaongeza: "Na Susu twende naye."

Susu ni nyanya yangu mimi, mama mzazi wa mama yangu. Hivyo ndivyo sisi Wakamba tumwitavyo nyanya, na watoto wangu nao wamelishika jina hilo hilo. Ana umri wa miaka 82. Miaka michache iliyopita alipatwa na kiharusi ambacho kiliudhoofisha mkono na mguu wake wa kushoto. Ndani ya nyumba hujikongoja kwa bakora ya miguu minne, lakini akitoka nje ya lango humbidi akalie kiti cha magurudumu.

Sasa, mpenzi msomaji, hebu jaribu kuiona picha hiyo. Hapa kuna Lamu, mji wa kale wenye vichochoro ambamo punda wawili wakikutana mmoja hulazimika kujibana ukutani. Huko hufiki ila kwa kuvuka maji, na magari hayaingii humo vichochoroni. Na hapa kuna mzee ambaye ngazi tatu kwake ni mlima. Mjomba wangu, kifungua mimba wa Susu, alitikisa kichwa akasema, "Huyu mtoto anataka kuniulia mama."

Kikao kikawaka moto. Mjomba alitukumbusha mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014. Alitukumbusha pia mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliyoikata barabara ya Garsen hadi Lamu, abiria wakakwama njiani. Mama naye alitaja presha ya Susu. Mume wangu, ambaye ni mtu wa kutafuta suluhu, alipendekeza twende hoteli kubwa ya pwani ya kusini ya Mombasa, yenye lifti na kidimbwi cha kuogelea, watoto wacheze na mzee aketi kivulini. Nakiri kwamba hata mimi niliegemea upande huo. Tulipiga hesabu, tukabishana kuhusu nani angelala na nani, tukaulizana kama Susu angeweza kula vyakula vya hotelini.

Muda huo wote Susu alikuwa ameketi kwenye kochi lake la dirishani, hatua nne hivi kutoka mezani petu. Hapana aliyemgeukia kumwuliza lolote.

"Mimi ni mgonjwa wa mkono na mguu," alisema hatimaye, polepole, maana kiharusi kilimwachia ulimi mzito kidogo. "Masikio yangu ni mazima. Nipelekeni Lamu."

Tulinyamaza kimya. Mjomba alipojaribu kumweleza habari za ngazi na mashua, alimkatiza. "Baba yako alikula mshahara wa Lamu miaka mitano. Wewe ulisomeshwa na Lamu. Mimi sijaiona."

Yalikuwa kweli, ingawa kwangu mimi ilikuwa habari niliyoisikia utotoni nikaisahau. Babu yangu alikuwa askari jela, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alihamishiwa Lamu. Ile Ngome ya Lamu ambayo leo ni makumbusho, na ambayo ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 19, iligeuzwa gereza na wakoloni mnamo 1910 na ikabaki gereza hadi 1984. Babu alilinda wafungwa humo. Susu alibaki Mwala akilima na kulea watoto, na mara moja kwa mwaka mumewe alikuja likizo akiwa na mkeka, ng'onda waliokaushwa kwa chumvi, na ahadi: mwaka ujao nitakupeleka ukaone bahari. Mwaka ujao ulikuwa na karo, mwingine ukawa na ukame, kisha babu akahamishiwa bara. Alifariki 1999. Susu hakuwa ameiona bahari yoyote, si ya Lamu wala ya Mombasa.

Basi mjadala ukaisha. Tulikubaliana kila mtu mzima achange Sh2,000 kila mwezi hadi Desemba shule zitakapofungwa, nami kwa vile kazi yangu ni kuuliza watu maswali, nikatwikwa mzigo wa matayarisho.

Swali la kwanza lilikuwa ni lini. Wenye watoto shuleni hawana uchaguzi mpana: ni Aprili, Agosti au Desemba. Aprili masika huanza, na hakuna jambo la kusikitisha kama jamaa ya watu wanane kufungiwa chumbani na mvua wakitazamana. Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Kijana hufurahia mashua ikirushwa na mawimbi, lakini mzee asiyeweza kujishikilia kwa mkono mmoja hawezi. Desemba ni majira ya kaskazi. Jua ni kali na bei za vyumba hupanda, lakini maji ndani ya mkondo kati ya Lamu na Manda huwa yametulia. Tukachagua Desemba, kabla ya msongamano wa Krismasi.

Nilidhani nimemaliza suala la tarehe. Kumbe wapi! Mwenzangu mmoja wa kazini mzaliwa wa pwani alinipa nambari ya simu ya nahodha mmoja wa Lamu. Nikampigia, nikamweleza kwamba tuna mzee wa kiti cha magurudumu na tunahitaji boti ya kutuvusha kutoka uwanja wa ndege, ulioko Manda, ng'ambo ya mkondo.

"Mwaja mwezi wangapi?" akauliza.

"Desemba," nikamjibu.

Akacheka. "Dada, mimi nauliza mwezi wa juu, si wa ukutani."

Hapo ndipo nilipopewa somo ambalo nilistahili kulipia karo. Sisi watu wa bara tukifikiria bahari huifikiria kama ziwa, kitu kilichokaa mahali pake. Nahodha alinieleza kwamba maji ya Lamu hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kwamba wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita tatu. Mita tatu ni kimo cha dari ya nyumba! Gati halipandi wala halishuki, boti ndiyo hupanda na kushuka. Maji yakijaa, ukingo wa boti hukaribiana na gati na mtu huvuka kama anayeingia sebuleni. Maji yakipwa, unateremka ngazi moja baada ya nyingine, na zile za chini zina ukoko wa kijani unaoteleza kama bamia.

"Siku za bamvua," aliendelea, "hapa kwetu maji hujaa alasiri, kama saa kumi au kumi na moja. Saa nne za asubuhi yako chini kabisa. Na kila siku ipitayo, maji huchelewa kwa muda wa kama dakika hamsini. Basi wewe nitafutie ndege ya alasiri, siku ya mwezi mpevu au kesho yake. Mzee wako hatagusa ngazi."

Nikachukua kalenda yenye alama za mwezi, kalamu na karatasi, nikaketi nayo usiku mzima kama mwanafunzi wa hesabu. Tukifika siku ya mwezi mpevu alasiri, maji yangetulaki. Tukiondoka siku ya tano baadaye, maji yangekuwa yamejaa tena kama saa mbili asubuhi. Ndege ya kurudi iliondoka saa nne na nusu. Ingetulazimu kuvuka mapema na kungoja uwanjani, lakini afadhali kungoja kwenye benchi kuliko kumteremsha Susu ngazi zenye ukoko. Nilipompigia nahodha kumsomea hesabu yangu, aliniambia sasa nimekaribia kuwa Mwamu.

Swali la pili lilikuwa njia. Treni ya Nairobi hadi Mombasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, ingetufikisha vizuri, lakini kutoka Mombasa bado kuna basi la kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, safari ya siku nzima kasoro, pamoja na vizuizi vya polisi ambapo abiria huteremka kukaguliwa. Mtu mwenye kiharusi akiketi saa nyingi bila kunyoosha miguu huvimba, na hatari ya damu kuganda si ya kufanyiwa mzaha. Daktari wake alisema wazi kwamba Susu apande ndege. Kwa kuwa mfuko haukutosha ndege kwa wote, tuligawanyika. Susu, mama na mimi tungetoka uwanja wa Wilson, safari isiyofika saa mbili. Mume wangu, mjomba, watoto wangu wawili na mpwa wangu wa miaka 14 wangetangulia kwa treni na basi. Tiketi hizo tatu za ndege zilimeza zaidi ya nusu ya michango yetu. Mpwa wangu alinuna wiki nzima kwamba "wazee wanaruka na vijana wanaburutwa." Nilimwambia akifika umri wa Susu, nitambeba mgongoni.

Ndege za huko ni ndogo na mizigo hupimwa kilo kwa kilo. Niliuliza mapema kuhusu kiti: kina uzito gani, kinakunjika, kina betri? Cha Susu kinakunjika na hakina betri, kwa hivyo kilikubaliwa. Mtu yeyote anayepanga safari kama hii asingoje siku ya kusafiri kuulizia jambo hilo.

Ama kuhusu malazi, hapo ndipo nilipochoka. Nilizipigia simu nyumba saba za wageni. Swali langu lilikuwa moja, "Je, kuna ngazi?" Jawabu nalo likawa moja, "Hakuna, dada, karibuni." Nikibana zaidi: "Labda moja tu ya mlangoni." Na hiyo moja tu, nilipodai picha, ilikuwa ya kimo cha goti. Sikuwalaumu sana. Mtu mwenye miguu mizima hazioni ngazi za nyumbani kwake, kama mimi nisivyozijua za kwangu hadi Susu alipokuja kututembelea. Isitoshe, nyumba za kale za Lamu, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, zilifuata mpango wake wenyewe: vyumba vyembamba kwa sababu boriti haikuwa ndefu, milango ya ndani iliyobana, na ngazi kali za kupanda orofani ambako kuna upepo. Chumba kizuri huwa juu. Ndivyo nyumba ilivyofikiriwa tangu zamani.

Nikabadili mbinu. Badala ya kuuliza maswali ya ndiyo na la, niliomba nipigiwe picha nne: mlango wa nje, mlango wa chumba, kitanda na choo, kila moja ikiwa na futi ya fundi ndani yake. Kiti cha Susu kina upana wa sentimita 64. Ukitaka kuweka ubao wa mteremko, kanuni inayofuatwa na wajenzi ni moja kwa kumi na mbili, maana yake kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji ubao wa karibu mita mbili. Nyumba nne hazikunijibu tena. Moja iliniuliza kama mimi ni mkaguzi wa serikali. Katika kukata tamaa nilimsomea mwenye nyumba mmoja kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma, naye akanijibu kwa upole kwamba Katiba anaiheshimu lakini nyumba yake ilijengwa na babu wa babu yake.

Nyumba ya saba ilikuwa karibu na ufuo, chumba cha chini, kizingiti kimoja cha wastani. Mwenyewe alinitumia picha tatu na akaahidi kumwita seremala atengeneze ubao. Nilifurahi hata sikuuliza iko wapi picha ya nne. Nitarudi kwenye kosa hilo.

Mwezi mmoja kabla ya safari, msichana anayemfanyisha Susu mazoezi ya viungo alianza kumzoeza ngazi za mlangoni kwa mama. Ukipanda, mguu wenye nguvu hutangulia. Ukishuka, ule dhaifu ndio hutangulia, nao mzuri unabaki nyuma kushikilia mwili. Susu aliigeuza kanuni hiyo wimbo wa kujipigia makofi kwa mkono mmoja pajani. Mjomba alipomwona akipanda ngazi tatu peke yake, alitoka nje kwenda kutazama gari lake ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Pale Wilson, wahudumu wawili walisogea kumbeba Susu hadi mlango wa ndege. Aliwainulia bakora. Alipanda mwenyewe, mguu mzuri kwanza, mimi nyuma yake nimemshika kiunoni, abiria wengine wakingoja juani. Nilitarajia minong'ono. Mzee mmoja wa kizungu alivua kofia.

Manda, mahamali walipakia mizigo kwenye mikokoteni na kiti cha Susu kikasukumwa hadi gatini. Nahodha alikuwa ametimiza ahadi yake: maji yalikuwa yamefura, na boti ilikuwa sawa na gati. Alikuwa amefunga kiti cha plastiki kwa kamba katikati ya boti. "Shikamoo bibi, karibu kwetu," alisema, na vijana wawili wakamvusha Susu kwa hatua mbili tu. Mama yangu, ambaye hatuna habari za ugonjwa wake wowote wa miguu, ndiye aliyepiga mayowe.

Susu hakusema neno. Alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mkono wake mzima, akiyatazama maji. Kisha alichovya vidole, akavitia mdomoni na kukunja uso. "Kweli ni ya chumvi," akasema. "Nilidhani alikuwa ananitania."

Sasa nirudi kwenye picha ya nne. Chumba kilikuwa kizuri, ubao wa seremala ulikaa imara, kitanda kilikuwa cha kimo cha kufaa. Lakini mlango wa choo ulikuwa na upana wa sentimita 56, nami nilikuwa na kiti cha sentimita 64 na nyanya aliyetoka safarini. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimepima kila mahali isipokuwa mahali ambapo mzee huhitaji kwenda mara nyingi zaidi. Usiku ule tulipanga viti viwili vya plastiki vyenye mikono, kimoja nje ya mlango na kingine ndani, Susu akawa anahama kutoka kimoja hadi kingine kwa hatua tatu huku amenishikilia shingoni. Usiku wa manane, mara ya tatu, tulianza kucheka sote wawili hata mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama kuna tatizo. Lakini sikulala vizuri. Kama angeanguka, isingekuwa ngazi za Lamu zilizomwangusha. Ingekuwa ni mimi.

Siku zilizofuata tuligundua kwamba jamaa ya vizazi vinne haiwezi kuongozana kila mahali kama vifaranga. Asubuhi tulitawanyika. Watoto walikwenda na baba yao Shela kuogelea. Mpwa wangu alifanya urafiki na vijana wa gatini na simu yake ikasahauliwa begini hadi chaji ikaisha. Mama alinunua vikapu. Susu alipumzika hadi jua lilipopungua makali, kisha jioni tulimsukuma ufuoni, ambako njia ni pana na tambarare, tofauti na usita wa mui, ile njia kuu ya ndani, ambako punda, mikokoteni na mitaro ya maji vinagombania nafasi. Punda walimpendeza kuliko kitu kingine chochote. Alisalimiana nao kwa Kikamba.

Siku ya tatu akasema yuko tayari kwenda gerezani.

Ngome haiko mbali na ufuo, iko mbele ya uwanja wenye miti ya kivuli ambapo wazee huketi na wachuuzi huuza bidhaa zao. Tulikwenda sote, hata mjomba ambaye tangu kufika alikuwa akijifanya amekuja kulinda mizigo. Mlangoni kuna ngazi. Vijana waliokuwa wameketi hapo waliinuka mara moja na kujitolea kukibeba kiti na aliyekikalia. Ni watu wenye adabu sana. Susu aliwashukuru, akaomba bakora yake.

Sikutazama saa, lakini mjomba alitazama, naye anasema zilikuwa dakika kumi na saba. Panda, pumzika, panda. Mjomba alikuwa upande wake wa kushoto bila kumgusa, mkono ameunyoosha kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Watalii waliokuwa wakitoka walisimama pembeni wakangoja.

Ndani kuna ua, na vyumba vimeuzunguka pande zote, na orofa juu ambako hatukujaribu kumpandisha. Tulimkalisha kwenye kiti katikati. Alimwuliza mhudumu askari walikuwa wakilala wapi. Yule kijana, aliyezaliwa miaka mingi baada ya gereza kuhamishwa, alieleza habari za Waomani na za vita vya Shela, akaonyesha mizinga, lakini la askari lilimshinda. Susu akaomba asogezwe hadi ukutani. Akaupima unene wake pale mlangoni kwa kiganja, shubiri moja baada ya nyingine, akihesabu kwa sauti.

"Alisema ukuta ni mpana kuliko kitanda chetu," akatuambia. "Nilimwambia asinidanganye."

Kisha akataka tumwache. Watoto walipanda juu kukimbia barazani, mama akatoka kutafuta maji ya kunywa. Mjomba hakuondoka. Aliketi chini, kwenye sakafu, karibu na gurudumu la kiti cha mama yake, mtu mzima wa miaka 60 na suruali yake ya kupiga pasi. Nilisikia Susu akimwonyesha kitu kwa kidole, juu, karibu na paa, na mjomba akiitikia, lakini hawakuwa wakizungumza nami, basi nikatoka uwanjani nikanunua maji ya ukwaju.

Asubuhi ya kuondoka nilitega saa ya simu ilie saa kumi na moja na nusu. Sikuisikia ikilia. Aliyetuamsha ni Susu, amekwisha kuvaa, ameketi kwenye kile kiti cha plastiki cha nje ya choo, akigonga sakafu kwa bakora.

"Amkeni," alikuwa akisema. "Maji yanajaa, nyinyi mmelala."

Tulivuka saa mbili kasorobo bila ya ngazi hata moja. Pale Manda, tukingoja ndege, mjomba alinipigia simu kutoka kwenye basi kuuliza kama michango itaendelea mwezi wa Januari au tutapumzika kidogo kwanza. Nilimpa Susu simu amjibu mwenyewe. Waliongea kwa Kikamba kitambo. Aliponirudishia, aliniuliza Pasaka itaangukia mwezi gani, nami nikamwambia mwishoni mwa Machi au Aprili, inategemea mwaka.

"Sikuulizi wa ukutani," akasema.